Mawe ya Mwanza, kati ya kutoka kazini na giza kuingia

Ofisi nyingi za serikali hufungwa saa 9:30 alasiri. Mwanzoni mwa Novemba, wakati jua la Mwanza linapowahi kuzama kuliko miezi mingine, huzama saa 12:38 hivi. Katikati ya Februari hukawia mpaka saa 1:08. Hapo katikati zipo saa tatu na zaidi, na saa tatu zinatosha kupanda kilima cha mawe, kukaa juu ukapigwa na upepo wa ziwa, kushuka, na kuwa nyumbani kabla sufuria haijaipuliwa.

Nafasi hii ni ya kwetu hasa. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33, kwa hiyo jua hutufikia likiwa limechelewa kama dakika 48. Mtu wa Dar es Salaam huingiwa na giza, kwa wastani, dakika 25 kabla yetu. Deni la nafasi hii tunalilipa asubuhi: Februari jua halichomozi mpaka karibu saa 1 kamili, na anayetakiwa kusaini kitabu cha mahudhurio saa 1:30 hana kilima siku hiyo. Asubuhi inamfaa anayefungua duka saa 3, tena hasa Oktoba na Novemba jua linapotoka saa 12:26 au karibu na hapo. Wengine wote, kwa maoni yangu, waache alfajiri na washike jioni.

Muda hauliwi na kilima. Unaliwa pembeni yake: kutafuta raba chini ya meza, kurudi kuchukua maji, kubishana nauli na bodaboda, simu ya bosi mkiwa getini. Nimeona watu wenye miguu mizuri kabisa wanashindwa kufika juu kwa sababu waliondoka mjini saa 11. Kwa hiyo kila kitu kikae kwenye begi tangu jana usiku, na begi likae ofisini, si nyumbani. Ukishapita nyumbani umekwisha. Kuna kiti, kuna chai, kuna mtoto anataka kusaidiwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua saa ya jua kuzama. Toa muda utakaotumia kupanda, kwa sababu kushuka kwenye mawe hakuna haraka kuliko kupanda. Mara nyingi kunachukua muda ule ule, na kwa asiyezoea kunazidi. Toa tena dakika 15 za akiba. Inayobaki ndiyo saa ya kugeuka. Mfano wa Novemba: jua saa 12:38, kupanda dakika 40, akiba dakika 15, unageuka saa 11:43. Februari, kwa kilima hicho hicho, unageuka saa 12:13. Weka kengele kwenye simu kabla hujaanza kupanda, na ikilia geuka hata kama kilele kiko mita ishirini mbele yako. Baada ya jua kuzama kuna mwanga wa kutosha kwa dakika 20 hivi, lakini huo ni mwanga wa barabarani. Ndani ya nyufa kati ya majabali giza huingia mapema zaidi, na hapo ndipo unapohitaji kuona unyayo wako unatua wapi.

Ukitoka saa 9:30 katikati ya mji na kuelekea kilima cha Capri Point, bodaboda haichukui dakika kumi; kwa miguu hesabu nusu saa. Usianze kupanda papo hapo. Jiwe lililopigwa na jua tangu asubuhi linakuwa la moto, kiganja hakikai, na joto linapanda usoni kana kwamba umeinamia jiko. Badilisha nguo taratibu, kunywa maji kama nusu lita, uanze saa 10:30. Saa 11:10 uko juu. Una nusu saa nzima ya kukaa ukitazama Kisiwa cha Saanane chini yako na mji ukijipanga kwenye vilima vyake, na bado uko ndani ya hesabu.

Saanane chenyewe ni kizuri, chenye mawe na pimbi na swala, lakini hakifai kwa safari ya namna hii. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, unaingia kwa kiingilio na kwa boti, na muda wa boti si wako. Kiwekee siku ya mapumziko.

Sasa mawe. Majabali haya ni granaiti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na namna yalivyofika hapo yalipo ndiyo inayokuambia ukanyage wapi. Hayakuporomoka kutoka juu. Yalikuwa mwamba mmoja uliozikwa, ukapasuka pasuka ukiwa bado chini ya udongo. Maji yakaingia kwenye nyufa, yakala pembe kwanza kwa sababu pembe hushambuliwa pande mbili au tatu kwa pamoja, na jiwe lililokuwa kama tofali likawa kama kiazi. Baadaye mvua zikaondoa udongo na viazi vikabaki vimepandana. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo kila mgeni hulipiga picha, limesimama kwa utaratibu huo huo.

Kwa mpandaji maana yake ni mbili. Kwanza, jabali kubwa kama nyumba linaweza kuwa limekalia sehemu mbili tatu tu, na chini yake ni uwazi. Kubwa hilo halitatikiswa na uzito wako, lakini yale ya ukubwa wa meza na pipa yanatikisika. Kabla ya kuhamishia uzito wote, ligonge kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa bado pale ulipotoka. Kanyaga katikati yake au upande wa mlimani, kamwe si ukingo wa bondeni. Pili, mengine bado yameshikiliwa na udongo, na udongo huo ukilowa haushikilii tena. Baada ya mvua kubwa ya masika acha kilima kwa siku mbili, na hata siku ya tatu usipite kwenye mkondo wa maji ulio chini ya rundo la mawe.

Granaiti pia hubambuka. Uso wake wa nje huachana na wa ndani kama maganda ya kitunguu, na ganda linaweza kuwa na unene wa kidole au wa mkono mzima. Kwa macho linaonekana zima. Ligonge kwa kifundo cha kidole: jiwe zima halitoi sauti, ganda lililoachana linalia kama kopo. Linalolia usilivute kuelekea kwako. Kama huna njia nyingine, likandamize kwenda chini, kwa sababu kukandamiza kunalirudisha kwenye mwamba na kuvuta kunalitoa.

Kuna mawe ambayo wenyeji wameyachoma. Hapa Mwanza watu wengi, akina mama hasa, wanaishi kwa kupasua mawe na kuuza kokoto. Jabali huwashiwa moto juu yake mpaka lipasuke, kisha nyundo inafuata. Ukiona weusi wa masizi, vipande vyenye kingo kali na rangi iliyofifia, hapo jiwe limeshakufa ndani. Linameguka chini ya raba bila onyo. Zunguka, na usimkanyagie mtu rundo lake la kokoto; ni kazi ya siku nyingi.

Raba ndiyo kifaa pekee kinachostahili kufikiriwa kwa muda. Siyo lazima iwe mpya wala ya bei. Angalia soli: ikandamize kwa ukucha, na ikiacha alama ni laini na itashika jiwe. Soli ngumu inayong'aa kama plastiki itakuangusha hata kama juu imeandikwa jina kubwa. Mtumba wa raba za kukimbilia mara nyingi unafaa kuliko viatu vizito vya kupandia milima, kwa sababu vizito vina meno makubwa ya kushika tope, na mgongo wa jiwe unataka eneo pana la mpira linaloligusa. Kandambili na yeboyebo viache chini. Katambuga zinashika vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila kidole kinabaki wazi, na kidole ndicho kinachogonga kwanza. Kabla ya kuingia kwenye jiwe safi ukitokea kwenye vumbi, futa soli kwenye mguu wa suruali. Vumbi kati ya mpira na jiwe linafanya kazi ya sabuni, na changarawe ndogo zinafanya kazi ya gololi.

Kupanda mgongo wa jiwe ni kutembea, si kutambaa. Mtu akiogopa hulala kuelekea kwenye jiwe, ashike kwa mikono, na hapo hapo miguu inaanza kuteleza. Sababu ni kwamba ukilala, uzito hauikandamizi tena raba, unaisukuma nje. Simama wima, kiuno juu ya visigino, unyayo mzima chini, kisigino kikiwa kimelegea kwenda chini na si kuinuliwa. Hatua fupi. Kwenye mteremko wa nyuzi 25 granaiti kavu inakubeba bila mikono kabisa. Ukifika 30 na kuendelea mikono itataka kusaidia, na hapo ni pa kujiuliza kama kuna njia nyingine pembeni, kwa sababu karibu siku zote ipo. Simu nyingi zina programu ya pimamaji. Ilaze kwenye jiwe mara chache uone nyuzi 20 zikoje na 30 zikoje. Baada ya hapo jicho litajua lenyewe.

Mipasuko kati ya majabali inapandwa kwa namna tofauti: mgongo upande huu, miguu upande ule, au mikono ikishika ukingo na miguu ikisukuma. Muhimu ni viungo vitatu kubaki kwenye jiwe kila unaposogeza cha nne. Na kuna sheria moja ambayo ningeomba kila anayeanza aishike kuliko nyingine zote: usipande mahali ambapo huwezi kushuka. Ukifika kwenye kipande chenye wasiwasi, panda mita mbili, kisha shuka hizo mbili. Ukishuka bila shida, endelea. Ukiona shida, umepata jibu ukiwa mita mbili kutoka chini na si kumi. Ajali za vilima hivi ninazozielewa mimi zina sura moja: mtu alipanda kwa furaha, akageuka, akakuta njia aliyojia haionekani kutoka juu, muda umekwisha, akaruka.

Kwa hiyo unapopanda, geuka nyuma kila baada ya dakika tano utazame. Njia ya kurudi haifanani na ya kuja. Chukua alama: mti uliopinda, bati jekundu, jiwe lenye mchirizi mweupe. Piga picha ukitazama chini. Kushuka kwenyewe, kunja magoti kidogo, pua iwe juu ya vidole vya miguu, hatua fupi kuliko za kupandia. Jiwe likizidi mteremko, geuka ulitazame ushuke kama kwenye ngazi. Kukalia matako kunaonekana salama lakini kunaondoa uzito miguuni, na nguo haina mshiko wa mpira. Usiruke kutoka jabali hadi jabali, hata kama vijana wa mtaa wanaruka mbele yako wakiwa peku. Wao wanalijua kila jiwe kwa jina.

Unyevu unabadilisha kila kitu. Michirizi myeusi inayoshuka kwenye majabali ni njia za maji zilizoota ukoga. Ikiwa mikavu inapitika, ikilowa hata nyuzi 15 zinakuangusha. Magamba ya rangi ya kijivu na machungwa yanayoota juu ya jiwe nayo yakilowa yanageuka utelezi. Manyunyu ya dakika tano yanatosha. Yakianza ukiwa njiani kupanda, rudi. Yakianza ukiwa juu na hakuna radi, ngoja: granaiti yenye joto la mchana hukauka ndani ya dakika 20 hadi 30 upepo ukivuma, na kungoja huko hula kwanza ile nusu saa ya kukaa juu, kisha zile dakika 15 za akiba.

Radi ni neno jingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu hujijenga juu ya ardhi. Usiku hugeuka, na dhoruba kubwa hukaa juu ya maji mpaka asubuhi. Kwa hiyo wakati wa vuli na masika anayepanda alfajiri atazame upande wa ziwa, anayepanda jioni atazame nyuma yake, bara. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi mngurumo, gawanya kwa tatu, upate kilomita. Sekunde 30 ni kilomita kumi, na kwa aliye juu ya jiwe tupu hizo ni chache mno. Shuka, ondoka kwenye miti iliyosimama peke yake, na usirudi juu mpaka ipite nusu saa bila mngurumo wowote. Kujificha chini ya jabali siyo kinga. Umeme hupita juu ya jiwe lililolowa na kuruka nyufa.

Begi liwe dogo. Lita moja ya maji kwa mtu kwa jioni nzima, tochi ya kichwani hata kama huamini utaihitaji, filimbi, bendeji ya kuvuta moja, suruali ndefu, nauli ya noti ndogo, simu yenye chaji ya zaidi ya nusu. Chakula, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga vinashinda biskuti zote: haviyeyuki, havipondeki, vinakaa mfukoni wiki nzima. Matobolwa yanataka maji, hivyo usiyale ukiwa umebakiza funda moja. Mwambie mtu mmoja umekwenda kilima gani na utampigia saa ngapi. Usimwambie tu "nikichelewa". Mpe saa: nisipopiga saa 1:30, nipigie, nisipopokea mpaka saa 2, njoo na watu. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Vilima vya Mwanza vina watu. Njia nyingi zinapita mlangoni kwa mtu, kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa, na hakuna ubao unaosema hii ni njia. Simama, salimia. "Shikamoo mama, naomba kupita niende kule juu." Kwa wazee wa Kisukuma "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jioni hufungua mlango ambao Kiswahili peke yake hukufungulia nusu. Mwenye nyumba ndiye anayejua jiwe gani limeanza kutikisika tangu mvua za mwaka huu, nyuki wamehamia wapi, na vijana gani wa kuepuka. Ukikuta watu wanasali juu ya jabali, na utawakuta, pita mbali kimya. Ukikuta dalili za tambiko, usiguse. Matenki ya maji na minara ya simu ina uzio. Usiukwee kutafuta picha.

Wenyeji wengine wa kilima hawasalimiwi. Mjusi mwenye kichwa cha rangi nyekundu na mwili wa bluu anayeota jua ni dume, na jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limechukua jina la mji huu, hana madhara. Pimbi nao hawana madhara, ila michirizi yao myeupe ya mkojo kwenye mwamba inakuonyesha wanapoishi, na nyoka huwafuata. Usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani. Kifutu ndiye wa kuogopa zaidi jioni kwa sababu hakimbii. Analala njiani akitegemea rangi yake. Akiuma, mtulize aliyeumwa, vua pete na saa, usichanje, usifunge kamba, kiungo kisitikisike. Bajaji ni bora kuliko bodaboda kwa sababu mguu unanyooshwa. Mpeleke moja kwa moja hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure.

Nyuki wakianza kukugonga gonga kichwani bila kuuma, hilo ni onyo lao. Rudi ulikotoka, taratibu, bila kupunga mikono. Mnyaa nao ushikwe kwa tahadhari: watu hudaka tawi lake wakiteleza, linavunjika, utomvu unaruka. Ukiingia jichoni osha kwa maji yote uliyobaki nayo, kisha nenda hospitali usiku huo huo.

Ukishafika chini na jasho linatiririka, ziwa litakuwa hapo pembeni, limetulia, linavutia. Usiingie. Maji ya pembezoni yana kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima ndani ya dakika chache. Kujifuta kwa taulo baadaye si kinga ya kutegemea. Penye matete, jioni ni saa ya viboko kutoka. Aliyekwisha kuingia aende kupimwa baada ya wiki kadhaa; dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi.

Kwa anayepanda asubuhi na kurudi ofisini, ndoo moja ya maji inatosha, ila asioge mara tu anapofika. Mwili unaendelea kutoa jasho dakika 10 hadi 15 baada ya kusimama, na shati safi likivaliwa humo litalowa kabla ya kikao. Kaa kivulini, kunywa maji, fungua barua pepe zako ukiwa bado na fulana ya mlimani. Kisha ndoo, kisha shati, ambalo liko kwenye hanga nyuma ya mlango tangu jana.